Watu Hamsini wa Kuitaka Chapuchapu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Nimeingia na shati lililopigwa pasi, nimetoka na kazi ya kutafuta vichwa.

Kampuni yetu imepata kazi ya kutengeneza mfumo wa kuwekea miadi na kupokelea majibu ya vipimo kwa kliniki saba za macho. Nikasema tusihangaike, Chapuchapu ipo. Chapuchapu ni fremuweki yangu, yaani mifupa: anayejenga tovuti kwa JavaScript upande wa seva anaikuta mifupa imeshasimama, kazi yake ni kubandika nyama tu. Nimeiandika kwa miaka miwili, peke yangu, wikiendi na sikukuu. Harusi ya shemeji nimeiona kwenye video.

Bi Nyaraka akakohoa. Huyu nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, leo ananikoholea. Tunamwita Bi Nyaraka kwa sababu haandiki mstari mmoja wa programu bila kuandika mitatu ya kuueleza. Yeye anataka tutumie ile fremuweki kuukuu. Hoja yake yote ni kwamba inatumiwa na kila mtu. Hata mafua humpata kila mtu.

Bosi tunamwita Mzee wa Takwimu. Ukimwambia mvua inanyesha anauliza asilimia ngapi. Akaniuliza nikiugua, nani ataitengeneza Chapuchapu ikiharibika. Nikamwambia siugui. Akaandika kitu kwenye daftari, kisha akatoa hukumu. Nimletee watengenezaji programu hamsini wa nje ya ofisi, walioijaribu Chapuchapu na walio tayari kuitumia. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Nikiwapata, kliniki zinajengwa juu ya Chapuchapu na mimi ndiye kiongozi. Nikiwakosa, Chapuchapu inafutwa kwenye kompyuta zote za ofisi, Bi Nyaraka anaongoza, na mimi nahamia dawati la msaada kuwajibu wateja waliosahau nywila zao.

Hamsini tu! Nitamletea mia mbili, achambue mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimetengeneza dodoso. Nimelijenga kwa Chapuchapu yenyewe, ili mtu aonje mchuzi huku akiulizwa kama ni mtamu. Maswali manane. La kwanza: "Je, umechoshwa na fremuweki nzito zinazokumalizia ujana wako?" Majibu ya kuchagua: Ndiyo. Ndiyo sana. La tano: "Ukiilinganisha na nyingine, Chapuchapu ni nzuri, nzuri zaidi, au nzuri kupita kiasi?" Nimejitahidi sana kutoegemea upande. La nane ndilo nililolipenda: "Ni nani hasa anayezuia maendeleo ya teknolojia kazini kwako?" Hilo la kuandika kwa maneno yako mwenyewe.

Ukishatuma, ukurasa wa shukrani unakurudishia majibu yako uyasome. Unayaona wewe peke yako. Nimeandika kwa herufi kubwa kwamba siri ni siri.

Nimelituma kwenye kundi la simu la watengenezaji programu, watu elfu moja na mia mbili. Nikakaa kusubiri mafuriko.

Hadi saa kumi na moja jioni: majibu mawili. Moja ni langu. Jingine limeachwa wazi, isipokuwa swali la nane, ambapo ameandika "Nyie mnaoandika fremuweki." Wengine walikuwa wakibishana kuhusu nembo yangu, kwa nini ni ya zambarau. Ujumbe mia moja na arobaini juu ya zambarau. Mmoja akasema kwenye JavaScript mtu akipiga chafya fremuweki inazaliwa. Watu wakacheka. Halafu msimamizi wa kundi akafuta tangazo langu, akasema matangazo ya biashara ni Jumamosi tu.

Biashara? Naigawa bure! Nabii hakubaliki kwao.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ni mkunga. Ameniuliza asubuhi mbona nimenuna, nikamweleza. Akasema kazini kwao humuuliza mama mjamzito swali moja fupi, anaumia wapi, kisha wananyamaza na kuangalia. Akanishauri nimtafute mtengenezaji mmoja tu, nimketishe mbele ya Chapuchapu, nifunge mdomo, nione anakwama wapi. Nikamjibu kwa upole kwamba teknolojia ina mbinu zake. Akasema haya, akaenda zamu.

Mbinu nikaipata kwenye basi. Nimelituma dodoso kwenye kundi la ukoo.

Hadi mchana, majibu kumi na tisa. Yote ndiyo sana! Mama ametaja uzoefu wa miaka arobaini na moja. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, lakini dodoso halikuuliza uzoefu wa nini. Mama mdogo, penye changamoto kubwa kazini, ameandika magoti. Shemeji amejaza mara mbili, kisha akanipigia kuuliza kama waliojaza watapewa fulana. Nikamwambia suala hilo lipo mezani. Akajaza ya tatu. Hiyo nimeifuta, mimi ni mtu wa haki.

Kama ni watengenezaji programu au si watengenezaji, hilo ni suala la tafsiri. Mama mdogo huzima na kuwasha simu yake mwenyewe. Ofisini kwetu wapo wanaopiga kelele wasaidiwe.

Alhamisi, 6 Machi

Habari kubwa. Leo nimefungua ukurasa unaohesabu mara ngapi Chapuchapu imepakuliwa. Jumatatu, mia moja arobaini na nne. Jumanne, mia moja arobaini na nne. Jana, mia moja arobaini na nne. Jumla mia nne thelathini na mbili kwa siku tatu!

Nimetembea ofisi nzima mikono mfukoni. Hawa ni watumiaji wa kimya. Hawapigi kelele za zambarau kwenye makundi, wanapakua na kwenda zao. Na wana nidhamu, hawazidi hawapungui. Nimemkuta Mzee wa Takwimu kwenye korido nikamtajia namba. Akauliza ni akina nani. Nikasema ni watu wa kimya. Akasema kimya hakijazi daftari, yeye anataka majina.

Bi Nyaraka alikuwa anachota maji pale. Akasema, bila mtu kumuuliza, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia mia nne thelathini na mbili haijatembezwa na mtu. Akauliza kama idadi ni ileile kila siku. Nikasema ndiyo, tena kwa fahari. Akatabasamu. Wivu una sura nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo kulikuwa na mkusanyiko wa watengenezaji programu kwenye ukumbi wa chuo. Viti vya plastiki, pazia limekatika kamba, projekta inayoonyesha kila kitu kwa kijani. Niliomba dakika kumi, nikatumia arobaini.

Niliimba sifa zote. Mwishoni nikaomba walio tayari kuitumia Chapuchapu wanyooshe mikono. Hakuna. Nikauliza nani yuko tayari kuifikiria. Hakuna, ila mmoja alikuwa anajikuna sikio. Nikauliza nani hana chuki nayo. Wakatazamana.

Jamaa mmoja nyuma, mwenye sweta la kijani, akanyoosha mkono. Nikafurahi mapema. Kumbe ana swali: watu wengi wakiitumia kwa wakati mmoja, inawatofautishaje? Nikamwambia hilo ni swali zuri sana, nikapita.

Muda ulikuwa unaisha na waandaaji walishaleta kreti za soda mlangoni. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Nikashika kipaza sauti nikauliza nani anataka soda. Mikono thelathini na saba juu kwa mpigo, wengine mikono yote miwili! Nikachepuka pembeni nikapiga picha. Nyuma ya mikono, kwenye ukuta, slaidi yangu inasomeka vizuri kabisa: "NANI YUKO TAYARI KUITUMIA CHAPUCHAPU?"

Kumi na tisa jumlisha thelathini na saba ni hamsini na sita. Sikusema uongo hata neno moja. Sikuandika popote kwamba hawakutaka soda.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepokea barua pepe kutoka kwa Sweta la Kijani. Kumbe alipotoka Jumamosi aliipakua Chapuchapu na kukaa nayo siku mbili. Anasema ameipenda namna inavyopanga njia za kurasa, hajaona nyepesi kama hiyo. Anasema yeye na wenzake watatu kazini kwao wako tayari kuitumia.

Hapo nilisimama, nikakaa, nikaendelea kusoma. Laiti nisingeendelea. Anasema kuna tatizo moja. Watu wawili wakituma fomu kwa sekunde moja, jibu la huyu linakwenda kwa yule. Ameeleza hatua kwa hatua jinsi ya kulishuhudia. Ameambatisha na dawa yake, mistari sita.

Mistari sita! Mimi nimetoa miaka miwili, yeye anakuja na mistari sita na sweta.

Nimemjibu kurasa nne. Nimemweleza kwamba Chapuchapu haina tatizo, tatizo ni watu wasiojua kusubiri zamu. Nimemweleza maana ya adabu. Nimemuuliza yeye ameandika fremuweki ngapi. Kisha nikamzuia asiweze kuniandikia tena, maana nilihisi angejibu.

Mke wangu alisoma barua ile juu ya bega langu. Akauliza, sasa huyu si ndiye unayemtafuta? Nikamwambia namtafuta mtu wa kuitaka Chapuchapu, si wa kuikagua. Akasema kwao wodini anayekuja kukagua ndiye anayetaka mtoto atoke salama. Halafu akauliza, ikiwa ni kweli, kwenye kliniki hizo mgonjwa wa glakoma, anayepofuka taratibu, si atapokea cheti cha aliyeambiwa yuko salama? Nikasema watu hawatumi fomu kwa sekunde moja. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa muda mfupi, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma, niliifungua ile mistari sita. Nikaifunga. Nikiikubali leo, Ijumaa nitasema nini?

Jumanne, 11 Machi

Bi Nyaraka amekuja mezani kwangu na karatasi. Kaka, akaniita, kwa ile sauti ya kumwita mtu kaka kabla ya kumzika. Akasema siku moja ina dakika elfu moja mia nne na arobaini. Nikasema hongera. Akasema ile mashine ya majaribio iliyo kwenye chumba cha seva, niliyoiwasha mwenyewe Jumapili kabla ya kikao, inaipakua Chapuchapu upya kila baada ya dakika kumi. Akanipa kalamu nigawanye.

Sikugawanya. Nilishaona.

Basi watu wa kimya wote ni mashine moja, na mashine ni yangu. Nilikula chakula cha mchana ndani ya choo cha ghorofa ya pili, si kwa aibu, kuna utulivu. Huko nikapata jibu. Mashine haina upendeleo. Haina undugu na mimi, haitaki fulana, haikuahidiwa soda. Na imeichagua Chapuchapu mara mia moja arobaini na nne kwa siku bila kulalamika. Nitaiweka kwenye slaidi kama "mtumiaji mmoja mwaminifu." Tumefika hamsini na saba.

Alhamisi, 13 Machi

Slaidi ishirini na mbili. Mazoezi nimefanyia sebuleni mbele ya shemeji. Kila slaidi amesema ndiyo. Nikamwambia anipinge kidogo ili nizoee. Akasema ndiyo.

Mke wangu amenikuta naandaa nguo za kesho. Hakunigombeza. Ameketi kitandani akasema nimepoteza miaka miwili kuifanya Chapuchapu, na yeye anajua maana wikiendi hizo zilikuwa na yeye ndani yake. Hataki ife kwa sababu ya kiburi cha siku moja. Akaniomba nimfungulie yule jamaa mlango, nimwite, niiingize mistari yake sita, kesho nimwambie bosi ukweli kwamba nina wanne wa kweli. Nilimpenda sana wakati ule. Nikamwambia nitalifikiria.

Nimelifikiria. Wanne ni wachache kuliko hamsini na saba.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma za ofisi. Nataka kumbukumbu iwe sahihi kabla watu hawajaipindisha.

Saa tatu kamili. Mzee wa Takwimu, Bi Nyaraka, mwakilishi wa kliniki, mama mmoja mkimya ambaye ni daktari wa macho, na mimi. Slaidi zikaenda vizuri hadi picha ya mikono. Daktari akainama mbele. Akasema wale wawili wa mbele wana furaha isiyo ya kawaida kwa fremuweki. Nikasema ndivyo Chapuchapu inavyowafanya watu.

Mzee wa Takwimu akasema namba ameziona, sasa anataka kuonja mwenyewe. Kila mtu afungue dodoso kwenye simu yake, ajaze, atume. Nilifurahi. Nilijaza na mimi, niongeze idadi. Nilipofika swali la nane, nani anayezuia maendeleo ya teknolojia kazini kwako, nikaandika kutoka moyoni, maana siri ni siri: "Bosi. Anahesabu kila kitu na haelewi chochote. Angefaa kuhesabu ng'ombe."

Mzee wa Takwimu, ili mambo yawe sawa, akasema atahesabu mpaka tatu tutume wote pamoja. Nikakumbuka barua ya Sweta la Kijani alipofika mbili. Nikasema labda tutume mmoja mmoja. Akasema tatu.

Tukatuma.

Daktari akatazama simu yake akasema ajabu, hapa imeandikwa uzoefu wangu ni miaka sita na naipenda ile fremuweki kuukuu. Bi Nyaraka akasema hayo ni yake, yeye amepata ya daktari, uzoefu miaka thelathini na moja. Mimi nikatazama yangu. Ukurasa wa shukrani ulisema: "Asante. Swali la nane: Bado natafuta."

Hayo hayakuwa majibu yangu. Nikainua macho taratibu.

Mzee wa Takwimu alikuwa anasoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Kisha akasoma kwa sauti, pamoja na ng'ombe. Bi Nyaraka aliangalia dirishani, mabega yanatikisika. Daktari hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wiki iliyopita alimwambia mtu anapofuka, na mtu yule aliomba aambiwe peke yake. Akauliza kama nilijua kuhusu hitilafu hii. Nikasema kuna mtu mmoja aliwahi kunitajia. Akauliza yuko wapi. Nikasema nimemzuia.

Daktari akafunga daftari lake.

Mzee wa Takwimu hakukasirika kwa ajili ya ng'ombe. Hilo ndilo limeniuma. Akaomba kuiona barua, akaisoma, akahesabu mistari. Akasema hamsini aliitaja ili nitoke nje nikaongee na watu. Akasema ningemletea huyu mmoja na wenzake watatu, na ile mistari sita, angenipa mwezi mzima na Chapuchapu ingebaki. Wanne wa kweli, alisema, angewaandika kwa wino.

Chapuchapu imefutwa saa tano na dakika kumi. Bi Nyaraka aliniuliza kama nataka kubonyeza mwenyewe. Sikutaka, nikatazama. Miaka miwili ilifutika kabla sijamaliza kupepesa macho. Hapo nililia kidogo, na sitalieleza zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza dawati la msaada. Kiti kinainama kushoto. Simu haipumziki.

Wikiendi nzima nimetafakari. Mke wangu aliniachia nafasi, na jana akaniuliza kama nimepata fundisho. Nikamwambia nimelipata, tena kubwa. Akashika mkono wangu. Sikumaliza kumweleza kwa sababu alionekana mwenye furaha.

Fundisho ni hili: Chapuchapu haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa kwenye dodoso. Ulimwengu hauna chombo kizuri cha kupima hamu ya watu. Kwa hiyo nimeanza kuandika fremuweki mpya ya kutengenezea madodoso, upande wa seva, kwa JavaScript. Naikadiria miaka miwili. Safari hii sitakosea, nitapima hamu ya watu kabla sijaenda mbali.

Na nimeshaanza kupima. Mteja akipiga simu kwamba amesahau nywila, namwambia namfungulia sasa hivi, ila kwanza nina swali moja dogo: ikitokea fremuweki mpya ya madodoso, ataitaka? Nawasubiri wajibu, sina haraka. Mama mmoja alisema hapana, nikamwambia asubiri kwenye laini kidogo. Baada ya dakika nane akabadili mawazo.

Hadi saa sita mchana, waliosema ndiyo ni ishirini na watatu. Waliosema hapana, hakuna. Namba hizi hata Mzee wa Takwimu hawezi kuzikataa, na za leo zina majina.